Jiwe Likishaingia Karaini

Shangazi Edith amepiga simu tena kutoka nyumbani Tabaka, Kenya. Alianza na mvua, akapita kwenye migomba iliyoangushwa na upepo, kisha akafika pale alipotumwa.

"Kwamboka, baba yako anasema neno ni moja tu. Sema nisamehe, mambo yaishe. Neno moja litakung'oa meno?"

"Amekuambia niombe radhi kwa lipi?"

"Si unajua mwenyewe."

"Mimi najua. Nataka kusikia kama yeye anajua."

Shangazi alivuta pumzi kwa hasira. "Wewe mtoto, ile diploma ilikuharibu mdomo," akasema, akakata simu.

Nyumbani wamesikia kwamba nilimwaibisha mzee wangu katika nchi ya watu, mbele ya wafanyakazi wenzake, kwa sababu ya sanamu. Wengine wameongeza kwamba nilimnyang'anya nyundo. Sikumnyang'anya nyundo. Nitaeleza nilichofanya, na atakayetaka kunihukumu baada ya hapo anihukumu kwa hicho, asinihukumu kwa maneno ya sokoni.

Kwetu Tabaka tunaishi kwa kuchonga jiwe laini, na jiwe hupita mikono ya watu wawili. Wanaume hulichimba na kulichonga. Wanawake huliosha na kulisugua kwa msasa ndani ya maji mpaka ling'ae. Mama yangu, Rael, alikuwa na karai la bluu lililopasuka ukingo, na alikaa nalo nyuma ya nyumba, leso yake ya kanga ameifunga fundo mgongoni ili isiingie majini, mikono imezama hadi kwenye viwiko. Msasa ulikuwa umemfuta alama za vidole. Siku ya kwenda kuchukua kitambulisho, karani alimbonyeza kidole kwenye wino hadi akachoka, akamwuliza, "Mama, wewe ni mtu kweli?" Mama alilisimulia jambo hilo miaka na miaka, kila mara akicheka kama vile limetokea jana.

Nyumbani kwetu kulikuwa na kanuni. Sijui kama nyumba nyingine ziliifuata, ila kwetu haikuvunjwa. Jiwe likiwa mikononi mwa baba lilikuwa lake. Akiona ufa, au mguu umepinda, au ameamka vibaya tu, aliweza kulipasua na kulitupa kwenye rundo nyuma ya choo. Lakini likishaingia karaini kwa mama, akaligusa kwa msasa, baba hakuwa na ruhusa nalo tena. Nakumbuka kiboko mmoja wa jiwe ambaye baba alimchukia kwa sababu ya sikio. Alikuja na nyundo. Mama alimzamisha kiboko chini ya maji meupe, akamkandamiza kwa mikono miwili.

"Gerishon, huyu ameshaoga," alisema.

Baba akarudi na nyundo yake. Kiboko yule aliuzwa, na sikio lake vilevile.

Baada ya vurugu za uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, watalii walipotea na viboko wakajaa nyumbani mpaka chini ya vitanda. Mwaka huohuo baba akaja Doha kuwa mlinzi. Walimweka kwenye geti la mizigo la hoteli iliyokuwa inamaliziwa kujengwa, hoteli hiihii ninayofanya kazi mimi. Mwenye hoteli alikuwa amependa chemchemi moja aliyoiona Italia, akataka yake ifanane nayo. Sanamu zikaagizwa kwa meli: jitu kubwa jeupe la kusimama katikati ya maji, farasi miguuni pake, na wanawake wa kukaa ukingoni kulizunguka. Masanduku yalipofunguliwa, mwanamke mmoja alikuwa amekatika kichwa na bega.

Baba alimwambia msimamizi kwamba yeye ni mchongaji. Msimamizi akacheka, akamwambia arudi getini. Baba akachukua sabuni chooni, na kabla zamu haijaisha alikuwa amechonga farasi kwa kisu cha kumenyea machungwa, shingo imepinda na mdomo wazi. Kesho yake akapewa jiwe achonge mwanamke wa badala. Halikuwa jiwe letu. Lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyokaa, lakini baba alisema lilikuwa na adabu.

Likizo yake ilikuwa imefika. Mama alikuwa anaumwa tumbo, na hospitali walikuwa bado wanasema ni vidonda tu. Baba alimpigia simu; mimi nilikuwa nimekaa kitandani karibu na mama, sauti imewekwa juu.

"Wamenipa kazi, Rael. Kazi ya jiwe. Nikiimaliza ndio nakuja."

"Unachonga nini huko? Viboko?"

"Nakuchonga wewe."

Mama alicheka mpaka akashika tumbo. "Basi usininyooshe pua. Watu wa huko wasije wakasema mimi ni Mwarabu."

Alifariki kabla kazi haijaisha. Hoteli ilikuwa inafunguliwa wiki hiyo, pasipoti ya baba ilikuwa ofisini, na mwenye kuitoa alikuwa safarini. Hatukujua lipi lilikuwa kweli na lipi lilikuwa kisingizio. Tulimzika mama bila baba. Yeye akaendelea kuchonga.

Nilikuja Doha mwaka 2013 kwa kazi ya kupokea wageni. Siku ya kwanza, kabla sijaonyeshwa kabati la nguo, nilitoka uani nikamwona. Wanawake wengine wa ukingoni walikuwa wamejilaza, shingo nyuma, kama watu waliokula wakashiba. Wetu alikuwa amepiga magoti. Mikono ilikuwa imezama majini hadi viwikoni, leso imefungwa fundo mgongoni, na pua ilikuwa ileile. Wageni walidhani anatafuta kitu kilichomdondokea. Mtoto mmoja wa Kifilipino alimsaidia kutafuta.

Baba alikuwa angali kwenye geti la mizigo. Sikumwona hata siku moja akipita uani. Kutoka getini hadi kantini njia fupi hupita penye chemchemi. Yeye alizunguka kwa jikoni.

Wageni wengi waliuliza habari za ile chemchemi, na mimi sipendi kusimama mbele ya watu bila la kusema. Nikasoma. Hivyo ndivyo nilivyomjua Bartolomeo Ammannati, aliyechonga ile chemchemi ya Italia, mtu wa Florence wa karne ya kumi na sita. Mtawala wa mji alimpa kazi ya kumchonga mungu wa bahari wa Warumi wa kale asimame katika uwanja mkuu, maji yakimzunguka, na pembeni watu wa shaba. Alifanya kazi hiyo miaka mingi. Ilipofunuliwa, watu wa mji wakamcheka. Walisema ameharibu marumaru nzuri, na mungu wake wakambandika jina la jitu jeupe. Alipozeeka, dini ikamkolea. Akawaandikia wachongaji wenzake kwamba anajuta kuchonga miili iliyo uchi, na akawaonya vijana wasifuate njia hiyo.

Nilimpenda mzee yule. Nilifikiri baba naye atampenda.

Ijumaa moja alasiri nilikwenda mtaa wa Najma, chumbani kwa baba, juu ya duka la mshona kanzu. Ilikuwa desturi yetu kupika pamoja kabla jua halijatua na Sabato yake haijaanza. Oloo, mlinzi mwenzake wa kitanda cha chini, ndiye aliyesonga ugali kwa sababu hakuamini ugali wa Mkisii. Nikawasimulia habari za Ammannati, jinsi alivyopewa kazi kubwa na jinsi mji mzima ulivyomcheka.

"Walimcheka na jiwe likabaki?" baba aliuliza.

"Lipo mpaka leo. Watu wanapanda ndege kwenda kulitazama."

Baba alitabasamu. Nikanogewa, nikaendelea mpaka uzeeni, mpaka kwenye majuto. Tabasamu likaondoka.

"Alijuta?"

"Alijuta, lakini..."

"Sijauliza lakini. Alijuta?"

"Ndiyo, baba."

"Msee alikuwa Mkisii huyo," Oloo alisema, akipiga mwiko kwenye sufuria. "Anachonga kitu miaka yote hiyo, halafu anakosana nacho. Nyinyi mnaweza kukosana hata na ndizi."

Nilicheka. Baba hakucheka. Alikula akiangalia dirishani, na jua lilipotua akafungua Biblia. Kama kuna siku ningependa kuirudisha, ni ile. Ningemaliza hadithi pale uwanjani, watu wakicheka na jiwe likibaki.

Baada ya hapo, kila nilipokwenda Najma, yule mzee alikuwa mdomoni mwa baba. Alimsimulia mtu aliyekuwa akiuza kadi za simu. Alimsimulia kanisani, siku ya ushuhuda, na mama mmoja muuguzi akaniambia, "Baba yako ametugusa kweli na yule Mwitaliano." Katika simulizi yake hakukuwa na farasi wala maji. Kulikuwa na mzee aliyetazama kazi ya mikono yake akaichukia.

Mwaka 2015 hoteli ikaamua kuipunguza chemchemi ili meza za mgahawa zienee. Jitu jeupe lingebaki. Wanawake wa ukingoni wangeondolewa na kupelekwa uwanja wa kampuni kule Al Wukair, pamoja na vyungu vya maua na viti vilivyovunjika. Niliumia kidogo, kisha nikajiambia, si kitu, Al Wukair si mbali, nitakuwa nakwenda kumwona.

Ndipo Fabian akaniita. Fabian ni Mganda, mkuu wa matengenezo, mtu mwenye tumbo kubwa na sauti nyembamba, na kila mwanamke humwita "nyabo" kwa heshima ya kwao.

"Nyabo, baba yako amekuja kwangu. Anaomba yule mmoja wake asipelekwe. Anataka kumvunja hapahapa, yeye mwenyewe."

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini? Kilichovunjika ni chepesi kubeba. Nimempa Jumapili asubuhi. Kwani hakukuambia?"

Hakuniambia. Jioni ile nilimngoja Najma nje ya duka la mikate, nikamwona akija na koti lake la ulinzi begani, anatembea kwa kuburuta mguu mmoja kama afanyavyo akisimama kutwa.

"Baba, kwa nini?"

Hakuuliza kwa nini nini. "Amri ya pili unaijua, usijifanyie sanamu ya kuchonga. Ulifundishwa ukiwa mdogo."

"Amri ya pili ilikuwepo ulipochonga viboko walionisomesha."

"Kiboko hana uso wa mtu."

"Huyu ana uso wa nani? Mtaje jina."

Alitazama mikate.

"Mtaje, baba."

"Kwamboka, usinisimamishe njiani kama askari. Mimi ni mzee wa kanisa. Watu wanajua nilichonga kile kitu. Nikifa kikiwa kimesimama, nitaulizwa."

"Utaulizwa kuhusu likizo," nilisema. "Wewe hujutii sanamu. Unajutia likizo. Mama alikuwa hai, ukamchonga badala ya kwenda kumwona, na sasa unataka kumpiga nyundo jiwe kwa sababu huwezi kujipiga mwenyewe. Amri ya pili umeifanya pazia, na yule mzee wa Florence umemfanya fimbo ya kutembelea."

Mwuza mikate, Mpakistani, aliacha kupanga mikate. Hakujua Kiswahili, lakini ugomvi wa mtoto na mzazi haungoji tafsiri.

Baba alisema polepole, "Ni wewe uliyeniletea habari zake. Aliona alichofanya, akakijutia mbele ya watu. Kati yangu na yeye kuna tofauti gani?"

"Yeye hakushika nyundo."

Alinunua mkate wake, akapanda ngazi. Hakunikaribisha juu.

Jumamosi ilikuwa siku yangu ya mapumziko, na ilikuwa Sabato. Nilijua baba atakuwa kanisani tangu asubuhi, na kwamba Sabato hata nyundo iliyoanguka njiani hawezi kuiokota. Nilikwenda hotelini kumuaga mama. Sikuwa na mpango mwingine, na yeyote anayesema nilipanga anadanganya.

Maji yalikuwa yametolewa, yamebaki kidogo tu kwenye kina. Watu wa Fabian walikuwa wameondoa vyungu vya mitende vilivyokuwa kati ya chemchemi na ukuta wa mgahawa. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nifike, nikauona mgongo wake.

Mbele alikuwa laini. Mafundi wa kampuni walikuwa wamempitishia mashine ya kusugua, kama walivyowapitishia wenzake. Nyuma mashine haikufika. Kuanzia shingoni hadi kwenye fundo la leso mgongo ulikuwa na alama za tindo, mstari baada ya mstari, kama shamba lililolimwa likaachwa bila mbegu. Niliweka kiganja pale. Jiwe lilinikwaruza.

Nikafikiri kama mtu wa nyumbani kwetu. Sina namna nyingine ya kufikiri nikiwa mbele ya jiwe. Nikasema: kumbe hajawahi kuingia karaini. Mashine si mkono wa mwanamke. Ndiyo maana bado ni wa baba, na ndiyo maana baba anathubutu. Kama kazi ingekuwa imekwisha, kama mama au mtu wa mama angekuwa amemsugua kwa maji, baba asingeweza kumgusa. Angekuja na nyundo yake na kurudi nayo, kama siku ya kiboko.

Nilivuka barabara hadi duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua msasa, wa kukwaruza na wa kulainisha. Nikarudi, nikavua viatu, nikaikunja suruali, nikaingia kwenye yale maji yaliyobaki. Nikachukua ndoo ya wafagiaji nikaanza kummwagia.

Mikono ilikumbuka. Unaanza na msasa mkali, unazunguka, husukumi. Unamwagia maji, unapangusa, unasikiliza kwa vidole. Maziwa ya jiwe yakaanza kuteremka mgongoni hadi kwenye leso. Wapishi walitoka kunitazama. Mgeni mmoja akanipiga picha. Fabian akaja mbio, tumbo mbele.

"Nyabo! Unafanya nini? Huyo kesho ni kifusi!"

"Basi atakuwa kifusi kilichooga."

"Wewe umechanganyikiwa. Meneja akikukuta humo na miguu mitupu?"

"Mwambie nasafisha mali ya hoteli siku yangu ya mapumziko. Atanipa cheti."

Alisimama akinitazama, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Huyo ni nani kwako?"

"Ni mama yangu."

Fabian alivua kofia. Baada ya muda akanitumia mfanyakazi na ndoo ya maji safi.

Nilimaliza alasiri. Msasa wa mwisho ulikuwa laini kama karatasi ya kuandikia, na mgongo uling'aa kama mgongo wa mtu aliyetoka kuoga. Kucha zangu zilikuwa zimekwisha. Nilijitazama vidole, vilikuwa vyeupe na laini, na nilicheka peke yangu nikimkumbuka yule karani wa kitambulisho.

Jumapili asubuhi baba alikuja na nyundo na tindo ndani ya mfuko wa plastiki. Oloo alikuwa naye, kwa sababu zamu yao ilikuwa imekwisha pamoja. Fabian alikuwepo, na vijana wa kubeba kifusi. Mimi nilikuwa nimevaa sare ya kazi, nimesimama karibu na ukuta. Baba hakunisalimu. Alipita mbele ya sanamu bila kuiangalia usoni, akazunguka nyuma. Nafikiri alitaka kuanzia nyuma ili asimwone.

Akasimama.

Aliweka mfuko chini. Akanyoosha mkono, akaupitisha kutoka shingoni hadi kwenye fundo, kisha akaurudisha juu.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi," nilisema. "Baba, huyu ameshaoga."

Nilitarajia ahamaki, au akae chini. Nilitarajia pengine hata acheke, kwa sababu maneno yalikuwa ya mama. Alibaki ameweka mkono pale pale.

"Hapa nilimwachia yeye," alisema.

Sikuelewa mara moja.

"Mbele waliweka mashine zao, sikuweza kuwazuia. Nikawaambia mgongo wauache, hakuna atakayeuona. Nilifikiri iko siku nitamleta hata kwa wiki moja, aje asugue mwenyewe. Alipokufa nikapaacha. Palikuwa pake. Hakuna mkono uliopita hapo." Akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu nisiyemjua. "Palikuwa pamebaki mahali pamoja tu pake, nawe umepafuta."

"Ulikuwa unakuja kupapasua!"

"Nilikuwa nakuja kupapasua pakiwa pake."

Oloo alitazama viatu vyake.

Baba aliinama kuchukua mfuko. Kwa kitambo nilidhani ataichomoa nyundo, na mwili wangu ukasogea mbele wenyewe. Labda hapo ndipo uvumi wa kunyang'anya ulipozaliwa. Lakini hakuichomoa. Alipita kando yangu, akaenda zake, na safari hii alipitia njia fupi, uani katikati, mbele ya watu wote.

Fabian aliuliza, "Sasa tumvunje au tusimvunje?"

"Msimvunje," nilisema. "Hana ruhusa. Hakuna mwenye ruhusa."

Walimpakia kwenye lori pamoja na wenzake waliojilaza.

Baba alirudi Kenya miezi michache baadaye, moja kwa moja. Nilijua kwa Oloo. Nilikwenda uwanja wa ndege, nikamkuta kwenye foleni na sanduku lililofungwa kamba, nikamwita. Aligeuka, akaniangalia kuanzia viatu hadi nywele, kama mlinzi anayemkagua mgeni, kisha foleni ikasogea naye akasogea nayo.

Tangu hapo anatuma watu. Kwanza mchungaji, ambaye nilimsikiliza kwa heshima. Sasa shangazi. Ujumbe ni uleule: nikiri kwamba nilikosa, naye atapokea simu.

Nina majuto yangu, na si machache. Najuta ile Ijumaa na yule mzee wa Florence. Najuta maneno ya mbele ya duka la mikate, si kwa sababu yalikuwa uongo, ila yalisemwa njiani, baba amechoka na mkate hajanunua. Najuta kwamba sikumwuliza mgongo ule una nini kabla sijatia maji. Usiku mwingine nawaza kwamba kama ningemwuliza angeniambia, na pengine tungekaa wote wawili pale, yeye akielekeza na mimi nikisugua. Pengine. Pia pengine angeniambia niondoke, na Jumapili tungekuwa na kifusi.

Jana nilikwenda Al Wukair. Mlinzi wa uwanja ni Mkamba, ananifahamu sasa, ananiita "binti wa yule mama." Mama amepiga magoti kati ya viti vilivyovunjika na mabomba, mikono yake imezama mchangani mahali pa maji. Vumbi limemjaa usoni. Nilikuwa na chupa ya maji na kitambaa. Nikamwosha uso, nikamwosha mgongo. Jua lilikuwa kali na maji yakakauka kabla sijafika kwenye fundo la leso. Mgongo ulikuwa bado laini. Hakuna ufa.

Kule Florence jitu jeupe limesimama, na aliyelichonga alikwenda kaburini akijuta. Huyu wetu amepiga magoti Al Wukair, na aliyemchonga yuko Tabaka, amenikasirikia. Lakini yupo. Ana pua yake, na viwiko vyake, na fundo lake. Mtu akija baada yetu akauliza Rael alikuwa nani, kuna mahali pa kumwonyesha.

Shangazi Edith atapiga tena, najua. Atauliza kama nimefikiri. Nimefikiri, shangazi. Mwambie baba nampenda, mwambie nitampigia kila Ijumaa kabla jua halijatua, apokee au asipokee. Na kuhusu mgongo wa mama, mwambie mkono uliopita pale mama mwenyewe ndiye aliyeufundisha.

Siombi radhi.